Gari zuri, hisa ghali: jinsi ya kusoma hesabu za watengenezaji wa magari ya umeme

Mwaka 2024 BYD ya China iliuza magari milioni 4.27. Kati ya hayo, asilimia 41 hivi yalikuwa ya betri tupu, na karibu yote yaliyobaki ni haibridi za kuchaji. Tesla ilikabidhi magari 1,789,226. Kwa mapato BYD ilifikisha yuan bilioni 777, karibu dola bilioni 107, ikaipita Tesla iliyoingiza dola bilioni 97.7. Hata hivyo mwaka ulipofungwa soko lilikuwa linaithamini Tesla zaidi ya mara 10 ya BYD. Anayetaka kununua hisa za kampuni hizi aanze na pengo hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba idadi ya magari barabarani na bei ya hisa vinaweza kwenda njia tofauti kwa miaka mingi.

Kwamba magari ya umeme yanaongezeka, hakuna ubishi. Ubishi ni nani anabaki na fedha. Chukua betri, ambayo ndiyo sehemu ghali kuliko zote ndani ya gari. Kwa hesabu za BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, wastani wa bei ya pakiti ya betri ulikuwa dola 139 kwa kilowati-saa mwaka 2023, ukashuka hadi dola 115 mwaka 2024. Gari lenye betri ya kilowati-saa 60 limepunguziwa gharama ya dola 1,440 ndani ya mwaka mmoja. Mtengenezaji angekuwa peke yake sokoni, fedha hiyo ingebaki kwake. Lakini China ina makumi ya chapa zinazomgombea mnunuzi yuleyule, na kila moja inanunua betri iliyoshuka bei sawa na mwenzake, kwa hiyo sehemu kubwa ya nafuu hiyo inaishia kwenye bei ya gari. Mei 2025 BYD ilishusha Seagull, gari lake dogo, kutoka yuan 69,800 hadi 55,800, na washindani wakafuata. Faida halisi ya BYD ya robo ya pili ya 2025 ikashuka kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, na ya robo ya tatu kwa takriban asilimia 33. Mwaka huohuo mauzo yake yalipanda hadi magari milioni 4.6, na kwa magari ya betri tupu ikaipita Tesla kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima: milioni 2.26 dhidi ya milioni 1.64.

Magari yaliongezeka, faida ikapungua. Ndiyo maana nashauri kila mtu asome kampuni hizi kuanzia kiwandani, na habari za mauzo aziache mpaka mwisho.

Gari moja linaacha nini

Namba ya kwanza ya kutafuta ni faida ghafi kwa gari moja. Chukua mapato ya magari, toa gharama ya kuyatengeneza, gawa kwa idadi ya magari yaliyokabidhiwa katika kipindi hicho. Usitumie idadi ya yaliyotengenezwa, kwa sababu gari lililo ghalani bado halijaingiza senti.

Rivian ya Marekani ni mfano mzuri wa kufanyia hesabu hii, maana taarifa zake ni wazi na kampuni haina biashara nyingine kubwa ya kuchanganya hesabu. Mwaka 2023 ilipata hasara ghafi ya takriban dola bilioni 2.03 kwa magari 50,122. Hiyo ni hasara ya dola 40,500 hivi kwa kila gari, kabla ya kulipa mishahara ya wahandisi wa utafiti na gharama za ofisi. Mwaka 2024 hasara ghafi ilishuka hadi dola bilioni 1.2 kwa magari 51,579, yaani dola 23,000 na ushei kwa gari.

Kwa nini kiwanda kinachouza magari ya zaidi ya dola 70,000 kipate hasara kubwa namna hiyo? Sababu ya kwanza ni ujazo wa kiwanda. Kiwanda cha Rivian kilichopo Normal, jimbo la Illinois, kilijengwa kutoa magari 150,000 kwa mwaka, na mwaka 2024 kilitoa 49,476. Uchakavu wa mashine, umeme, ulinzi na mishahara ya kudumu vinagawanywa kwa theluthi moja ya magari yaliyokusudiwa, hivyo kila gari linabeba mzigo wa matatu. Kiwanda cha magari kikiwa chini ya nusu ya uwezo wake, hata gari zuri kiasi gani haliwezi kukiokoa.

Sababu ya pili ni muundo wa gari lenyewe, na hapa Rivian walifanya kazi ninayoiheshimu. Katikati ya 2024 walileta toleo la pili la R1, gari lao kuu. Kompyuta ndogo zinazoendesha mifumo ya gari zilipunguzwa kutoka 17 hadi 7, na nyaya za kilomita 2.6 zikaondolewa kwa kila gari. Waya ukipungua, shaba inapungua, viunganishi vinapungua, na saa za fundi anayeupitisha ndani ya bodi kwa mkono zinapungua pia. Kufunga nyaya ni kazi ambayo roboti bado hazijaimudu vizuri. Teknolojia hiyo ya kompyuta chache ndiyo Volkswagen waliyoifuata walipokubali kuweka hadi dola bilioni 5.8 katika ubia na Rivian, mkataba uliokamilishwa Novemba 2024. Aliyekuwa anasoma maelezo ya kiufundi badala ya grafu ya bei aliona kwamba kampuni ina kitu cha kuuza zaidi ya magari.

NIO ya China inaonyesha upande mwingine. Mwaka 2024 ilikabidhi magari 221,970 ya chapa zake zote, ikapata hasara halisi ya yuan bilioni 22.4. Gawanya: takriban yuan 101,000 kwa gari. NIO haina hasara ghafi kama ya Rivian. Fedha yake inaliwa na mtandao wa vituo vya kubadilishia betri, utafiti, na maduka ya kifahari ya mijini. Kwa hiyo ukiona kampuni inatangaza faida ghafi, shuka mistari miwili mitatu chini uone utafiti na mauzo vinakula kiasi gani kabla hujashangilia.

Faida isiyotokana na magari

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Marekani, Ulaya na China zimekuwa na sheria zinazomtaka kila mtengenezaji asivuke wastani fulani wa moshi kwa magari anayouza. Anayevuka ana njia mbili: alipe faini au anunue hati kutoka kwa mwenzake aliyebaki chini ya kiwango. Mtengenezaji wa magari ya umeme matupu ana hati za ziada kila robo, na kuzizalisha hakumgharimu chochote cha ziada. Mapato yake yanashuka moja kwa moja hadi kwenye faida.

Angalia Tesla, robo ya kwanza ya 2025. Mapato yote yalikuwa dola bilioni 19.3. Mapato ya magari dola bilioni 14.0, yakiwa yameshuka asilimia 20. Magari yaliyokabidhiwa 336,681. Faida halisi dola milioni 409. Katika jedwali la mapato kuna mstari mmoja mfupi wa mauzo ya hati hizo: dola milioni 595. Bila mstari huo robo nzima ingekuwa ya hasara. Na wakati huo kulikuwa na biashara ya betri kubwa za kuhifadhi umeme wa gridi, iliyoingiza dola bilioni 2.7, ikisaidia kubeba mzigo.

Rivian nao walisherehekea faida ghafi yao ya kwanza katika robo ya nne ya 2024: dola milioni 170. Ndani yake kulikuwa na dola milioni 299 za hati. Ziondoe, unabaki na hasara ghafi ya milioni 129. Bado yalikuwa maendeleo makubwa ukilinganisha na mwaka uliotangulia, ila hayakuwa yale yaliyoandikwa kwenye vichwa vya habari.

Kasoro ya mapato haya ni kwamba yameshikiliwa na kalamu ya bunge. Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria iliyofanya faini ya kuvuka viwango vya matumizi ya mafuta kuwa sifuri. Faini ikiwa sifuri, hakuna mwenye sababu ya kununua hati hizo. Mikataba iliyosainiwa zamani na soko la Ulaya vinaendelea kuleta fedha kwa muda, lakini mwekezaji anayekadiria faida ya 2027 kwa kunyoosha mstari wa 2024 anajidanganya. Hesabu salama ni kutoa hati zote, halafu kutazama kilichobaki. Tesla ilipata dola bilioni 2.76 kwa hati mwaka 2024, dhidi ya faida halisi ya bilioni 7.1.

Muda uliobaki kabla fedha haijaisha

Kampuni inayopata hasara huishi kwa fedha iliyo benki na kwa kuuza hisa mpya. Hesabu ya muda ni rahisi: jumlisha fedha taslimu na amana za muda mfupi, gawa kwa fedha inayotoka kwa mwaka, yaani fedha ya uendeshaji pamoja na ununuzi wa mitambo. Rivian ilifunga 2023 ikiwa na dola bilioni 9.4, na katika mwaka huo ilikuwa imetumia takriban bilioni 5.9. Miezi 19 tu. Ndiyo sababu mwaka uliofuata ilisimamisha ujenzi wa kiwanda kipya cha Georgia na kupokea fedha za Volkswagen kwa mikono miwili.

Muda ukishuka chini ya miezi 12, usisubiri. Kampuni itauza hisa mpya kwa bei ya chini, itakopa kwa masharti magumu, au itafilisika, na katika hali zote tatu mwenye hisa wa kawaida ndiye wa mwisho kwenye foleni. Lordstown ilifilisika Juni 2023, Fisker Juni 2024, Canoo Januari 2025, Nikola Februari 2025. Zote nne ziliingia sokoni mwaka 2020 kwa kuungana na kampuni-ganda, zile zinazoorodheshwa zikiwa na fedha tu bila biashara. Njia hiyo iliziruhusu kutangaza makadirio ya mapato ya miaka ya mbele kwa uhuru ambao kampuni inayouza hisa kwa utaratibu wa kawaida isingethubutu kuutumia. Nikola ilifika mahali Juni 2020 ikathaminiwa kuliko Ford, bila kuwa imeuza lori hata moja. Mwanzilishi wake Trevor Milton alitiwa hatiani kwa ulaghai mwaka 2022, na alisamehewa na rais wa Marekani mwaka 2025. Waliopoteza fedha hawakusamehewa hasara yao.

Fisker ilitoa dalili iliyo wazi kabisa kwa mtu aliyesoma namba mbili tu. Mwaka 2023 ilitengenezewa magari zaidi ya 10,000 na kampuni ya Magna nchini Austria, ikakabidhi chini ya 5,000. Magari yaliyobaki yalikuwa fedha iliyolala maegeshoni, ikishuka thamani kila wiki. Tofauti ya yaliyotengenezwa na yaliyokabidhiwa ikikua kwa robo mbili mfululizo, ama wanunuzi hawapo, ama gari lina hitilafu, ama mfumo wa kufikisha magari umekwama. Kwa kampuni ndogo, lolote kati ya hayo linaua.

Kuna hatari ya kimyakimya zaidi: kumegwa. Kampuni ikitoa hisa mpya, kipande chako cha kampuni kinakuwa chembamba hata kama hukuuza hata hisa moja. NIO mwaka 2025 ilitoa hisa mpya mara mbili, Machi na Septemba. Lucid, inayoshikiliwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia, ilikabidhi magari 10,241 tu mwaka 2024 na imekuwa ikipokea mabilioni ya dola kutoka Riyadh karibu kila mwaka. Mwishoni mwa Agosti 2025 iliunganisha hisa zake, 10 zikawa 1, ili bei isionekane ya chini mno. Kuunganisha hisa hakubadilishi thamani ya ulichonacho siku hiyo, lakini kampuni yenye afya haina haja nako. Kila unapofungua taarifa ya robo, nenda moja kwa moja kwenye wastani wa idadi ya hisa, ulinganishe na miaka miwili nyuma. Ikiwa imepanda asilimia 20, mapato nayo yanapaswa kupanda zaidi ya hapo ndipo uwe umebaki mahali pamoja.

Jambo dogo kwa wanaotazama bei za zamani: Tesla iliuza hisa zake mara ya kwanza Juni 2010 kwa dola 17, kisha ikazigawa 1 kwa 5 mwaka 2020 na 1 kwa 3 mwaka 2022, kwa hiyo bei ile kwa hisa za leo ni dola 1.13. BYD nayo mwaka 2025 ilifanya kila hisa 1 kuwa 3. Grafu isiyorekebishwa itakuonyesha anguko ambalo halikutokea.

BYD na fedha ya wasambazaji

Ningekuwa na saa moja tu ya kusoma mizania ya mtengenezaji wa Kichina, ningeitumia nzima kwenye madeni ya wasambazaji. Utaratibu wa kiwanda kikubwa China umekuwa huu: msambazaji wa vioo, viti au bolti analeta mzigo, analipwa baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi halipwi kwa fedha bali kwa hati ya ahadi ya kielektroniki. Akitaka fedha mapema anaipeleka hati kwenye benki inayokata riba. Kwa kiwanda huo ni mkopo mkubwa usio na riba ambao hauonekani kwenye mstari wa mikopo.

Hesabu yake: madeni ya wasambazaji gawa kwa gharama ya mauzo ya mwaka, zidisha kwa 365. Tuseme kampuni ina gharama ya mauzo ya yuan bilioni 600 na inadaiwa na wasambazaji bilioni 240. Hizo ni siku 146. Sasa, Juni 2025 serikali ya China iliwabana watengenezaji wakubwa, na BYD, Geely, SAIC, Xiaomi na wengine wakaahidi kulipa ndani ya siku 60. Kwa kampuni yetu ya mfano, deni la siku 60 ni yuan bilioni 99 hivi. Tofauti, takriban bilioni 141, lazima itoke mahali: kwenye akiba, kwenye mikopo ya benki, au kwenye faida ya miaka ijayo. Ndiyo maana mauzo yakisimama kampuni ya aina hii huumia haraka kuliko inavyoonekana. Mauzo yakipanda, mzigo mpya unalipia deni la zamani. Yakishuka, madeni ya zamani yanadai fedha ambayo haijaingia.

Sisemi BYD iko ukingoni. Ni kampuni yenye faida, ilipata yuan bilioni 40.3 mwaka 2024, inajitengenezea betri, mota na sehemu kubwa ya vipuri vya kielektroniki, na imeanza kujitoa kwenye vita ya bei ya nyumbani kwa kuuza nje: zaidi ya magari milioni 1 mwaka 2025, kutoka 417,204 mwaka 2024. Ina meli zake za kubeba magari, kiwanda Rayong nchini Thailand, kingine Camaçari nchini Brazil kwenye eneo lililokuwa la Ford. Gari lilelile likiuzwa nje huacha faida kubwa kuliko likiuzwa nyumbani Shenzhen, kwa hiyo namba ya mauzo ya nje ndiyo ya kufuatilia kila mwezi. Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani iliyonunua hisa milioni 225 mwaka 2008 kwa dola za Hong Kong 8 kila moja, ilianza kuuza Agosti 2022 na kufikia 2025 ilikuwa imemaliza. Aliyekaa miaka 14 na kuvuna zaidi ya mara 20 ana haki ya kuondoka. Wala kuondoka kwake si sababu yako ya kuuza, kama vile kuingia kwake hakukuwa sababu ya kununua.

Tahadhari nyingine kuhusu China ni namna magari yanavyohesabiwa. Tesla hutangaza yaliyofika kwa mteja. Wengi wa China hutangaza yaliyotoka kiwandani kwenda kwa mawakala. Mei 2025 Wei Jianjun, mwenyekiti wa kampuni ya magari ya Great Wall, alisema hadharani kwamba kuna magari yanayosajiliwa kisha kuuzwa kama yaliyotumika ilhali hayajatembea hata kilomita. Dawa yake ni kulinganisha takwimu mbili za chama cha magari ya abiria cha China, zinazotoka kila mwezi: jumla na rejareja. Jumla, ukishatoa yaliyouzwa nje ya nchi, ikizidi rejareja kwa miezi kadhaa, magari yanarundikana kwa mawakala na punguzo la bei liko njiani.

Ushuru na ruzuku

Marekani iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya China kuanzia Septemba 2024. Umoja wa Ulaya uliongeza Oktoba 2024, juu ya asilimia 10 ya kawaida, asilimia 17.0 kwa BYD, 18.8 kwa Geely, 35.3 kwa SAIC na 7.8 kwa Tesla zinazotengenezwa Shanghai. BYD ikajibu kwa kupeleka haibridi nyingi Ulaya, maana ushuru ule unahusu magari ya betri tupu.

Ruzuku ina tabia moja: ikitangazwa kufutwa, mauzo ya kesho yanahamia leo. Nafuu ya kodi ya dola 7,500 ya Marekani iliisha tarehe 30 Septemba 2025. Tesla ikakabidhi magari 497,099 robo hiyo, rekodi yake, kisha 418,227 robo iliyofuata. Aliyenunua hisa kwa kushangilia rekodi alikuwa ananunua magari ya miezi mitatu ya mbele. Ford, ambayo kitengo chake cha umeme kilipoteza dola bilioni 5.1 mwaka 2024, Desemba 2025 ilitangaza gharama maalumu za dola bilioni 19.5 kwa kubadili mipango yake ya umeme.

Bei inayolipwa inadai nini

Tesla ilifunga 2024 kwa dola 403.84. Faida kwa hisa mwaka huo ilikuwa dola 2.04. Unalipa karibu mara 198 ya faida ya mwaka. Watengenezaji wa zamani kama Toyota na Volkswagen kwa kawaida hununuliwa kwa mara 10 hivi au pungufu.

Geuza hesabu hiyo uione inadai nini. Thamani ya kampuni ilikuwa dola trilioni 1.3. Ili bei hiyo iwe mara 20 ya faida, ambayo bado ni ukarimu kwa kiwanda cha magari, faida lazima iwe dola bilioni 65 kwa mwaka. Gari la wastani wa dola 38,000 likiacha faida halisi ya asilimia 8, ni dola 3,000 hivi. Zinahitajika karibu magari milioni 22 kwa mwaka, mara mbili ya kundi zima la Toyota, lililouza milioni 10.8 mwaka 2024. Na faida ya Tesla haikupanda: mwaka 2025 ilishuka hadi karibu dola bilioni 3.8.

Kwa hiyo mwenye hisa za Tesla hajanunua kiwanda cha magari. Amenunua ahadi ya teksi zisizo na dereva, zilizoanza kubeba abiria Austin Juni 2025 zikiwa na msimamizi ndani, na ya roboti. Huenda zikatimia. Mpango wa malipo wa Elon Musk uliopitishwa na wanahisa Novemba 2025 unadai thamani ya dola trilioni 8.5, roboti milioni 1 na teksi milioni 1, na ukitimia wote utatoa hisa mpya zaidi ya milioni 420. Lakini ukinunua kwa sababu hiyo, fuatilia mambo ya teksi: miji mingapi, magari mangapi bila msimamizi, ajali ngapi, na Waymo, ambao tayari wanabeba abiria bila dereva katika miji kadhaa, wako wapi. Idadi ya magari ya Model Y yaliyouzwa haikuambii chochote kuhusu hilo.

Kwa anayenunua akiwa Dar, Nairobi au Kampala

Kampuni za umeme tunazoziona mitaani kwetu, kama BasiGo na Roam za Kenya au Ampersand ya Rwanda, haziko kwenye soko lolote la hisa, na Kiira Motors ya Uganda ni ya serikali. Kwa hiyo mlango uliobaki ni masoko ya nje. Programu nyingi za simu zinazotangazwa kwetu haziuzi hisa zenyewe. Zinauza mkataba wa tofauti ya bei, yaani dau juu ya bei kupanda au kushuka bila kumiliki hisa, na wakala anakuruhusu kushika dau la mara tano au zaidi ya fedha yako. Tarehe 10 Machi 2025 Tesla ilianguka asilimia 15.4 kwa siku moja. Kwa dau la mara tano umepoteza asilimia 77 ya dhamana, na wakala anafunga mkataba bila kukusubiri. Tarehe 9 Aprili hisa ileile ilipanda asilimia 22.7, na wewe haupo tena. Riba ya kulaza mkataba usiku nayo inakatwa kila siku. Kabla ya kuweka fedha, uliza swali moja kwa maandishi: je, jina langu litaandikwa kama mmiliki wa hisa? Jibu likizunguka, acha.

Ukinunua hisa kamili za Marekani utajaza fomu W-8BEN, ya kuonyesha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani, na gawio hukatwa kodi hadi asilimia 30. Tesla, Rivian na Lucid hazitoi gawio, hivyo hilo halitakugusa. Kinachosahaulika ni kodi ya mirathi: asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na mali za huko zinazozidi dola 60,000, hisa zikiwemo, ziada inaweza kutozwa hadi asilimia 40. Hisa za BYD za Hong Kong hazina mzigo huo, na gawio lake kwa kawaida hukatwa asilimia 10 China. NIO na mwenzake wa China XPeng ukizinunua New York, unachoshika ni cheti cha kampuni iliyosajiliwa visiwa vya Cayman. Sheria ya Marekani ya 2020 inaruhusu kuziondoa sokoni wakaguzi wao wasipokaguliwa. Zote mbili zimeorodheshwa Hong Kong pia, na dalali mzuri anaweza kukuhamishia huko.

Kwa ratiba: kampuni za China hutoa mauzo tarehe 1 ya kila mwezi, Tesla na Rivian kwa kawaida tarehe 2 baada ya robo kwisha, na hesabu kamili hufuata wiki kadhaa baadaye. Za Marekani zinapatikana bure kwenye hifadhi ya EDGAR ya mamlaka ya masoko ya mitaji. Soma taarifa yenyewe, siyo slaidi. Mstari wa hati za moshi, wastani wa idadi ya hisa na madeni ya wasambazaji havitiliwi mkazo kwenye slaidi. Kwa 2026 nitakuwa nafungua kwanza faida ghafi ya Rivian bila hati wakati R2, gari lao la dola 45,000 hivi, likiingia kwenye mistari ya Normal, na siku za malipo za BYD.